Je, Mwenye Paka Afuge Ndege?

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba paka si pambo bali ni mtumishi. Maharage yakisha kupurwa na kuwekwa ghalani, na mahindi yakisha kutundikwa darini, panya huwa wa kwanza kupata habari. Hapo ndipo mwenye nyumba anapotafuta paka, na paka huyo akisha kuzoea hupewa heshima ambayo wahenga waliieleza kwa maneno machache: paka wa nyumba haingwa.

Lakini nyumba hiyo hiyo imezungukwa na ndege. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba ya Mhaya, ni kama msitu mdogo wenye mpango wake. Juu ipo mishambya na mitoma, katikati migomba, chini yake mibuni, na chini kabisa maharage. Humo shore huimba alfajiri, chozi hunyonya utamu wa maua ya migomba, kwera hushona viota vyao, na jioni kwarara hupita angani wakipiga makelele kurudi malaloni. Si ajabu, basi, siku moja mtoto akaja na chiriku aliyemnasa kwa ulimbo, au mtu akabisha hodi na kasuku ndani ya kikapu, akisema kwamba ndege huyu ataweza kujifunza kusema. Tamaa huingia. Tundu hutafutwa, na paka aliyelala karibu na jiko hufumbua jicho moja.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali ambalo kila mwenye nyumba wa namna hiyo hujiuliza: je, paka na ndege waweza kuishi chini ya paa moja? Watu wengi hujibu kwa haraka kwamba tundu likiwa imara basi hakuna taabu. Tutaonyesha kwamba jibu hilo limesahau nusu ya jambo. Tundu imara huzuia jino la paka. Halizuii hofu ya ndege. Na katika elimu ya viumbe, hofu ni jambo lenye uzito kama jino.

Paka ni nani?

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, aitwaye kwa jina la kitaalamu Felis lybica. Paka mwitu huyo yupo hata leo katika mbuga za Tanzania, naye hufanana sana na paka wa kijivu wenye michirizi tunaowaona vijijini. Inafikiriwa kwamba alianza kuwa karibu na binadamu katika Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita, wakati watu walipoanza kulima na kuweka nafaka. Nafaka iliwavuta panya, na panya wakamvuta paka. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza habari za kaburi la miaka 9,500 hivi katika kisiwa cha Kipro, ambamo paka alikuwa amezikwa karibu na mtu.

Tuangalie tofauti iliyopo kati ya paka na wanyama wengine wa kufugwa. Binadamu alimchagua ng'ombe kwa ajili ya maziwa na upole wake, akamchagua mbwa kwa ajili ya ulinzi na utii wake, akaendelea kuwachagua hivyo kizazi baada ya kizazi mpaka tabia zao zikabadilika sana. Paka hakuchaguliwa kwa utii. Alipokelewa kwa sababu anawinda, na kwa muda mrefu kazi aliyotakiwa kuifanya ilikuwa ile ile aliyokuwa akiifanya porini. Kwa hiyo tunapomlaumu paka kwa kumrukia ndege, tunamlaumu kwa sifa ile ile iliyotufanya tumwite ndani.

Viungo vyake vyote vimeumbwa kwa kazi hiyo. Jicho lake huona katika mwanga hafifu, unaokaribia kuwa sehemu moja tu ya sita ya mwanga anaouhitaji binadamu. Sikio la binadamu mwenye afya husikia sauti mpaka mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Sikio la paka hupita mitetemo 60,000. Kwa sababu hiyo husikia mlio mwembamba wa panya ambao sisi hatuusikii kabisa. Zaidi ya yote, ubongo wake huamshwa na vitu vidogo vinavyotembea kwa mishtuko mishtuko. Chiriku anayeruka kutoka kijiti kimoja hadi kingine ndani ya tundu ni kichocheo ambacho paka hawezi kukipuuza kwa urahisi.

Njaa na uwindaji si jambo moja

Wengi husema, "Mshibishe paka, naye hatamgusa ndege." Usemi huu una sura ya ukweli, lakini majaribio yameonyesha kwamba haukamiliki. Mwaka 1976 mtafiti Robert Adamec alieleza jaribio lililofanywa kwa paka waliokuwa wakila chakula wanachokipenda. Panya hai alipoletwa karibu, paka waliacha chakula chao, wakamwua panya, kisha wakarudi kuendelea kula chakula kile cha kwanza. Hawakumwua kwa sababu tumbo lilikuwa tupu. Kushiba kunaweza kupunguza juhudi ya kuwinda, lakini hakuiondoi.

Ukifikiri kidogo utaona sababu yake. Paka mwitu huishi kwa mawindo madogo, na mara nyingi mawindo hayo humponyoka. Paka ambaye angengoja mpaka njaa imshike ndipo aanze kuvizia, siku nyingi angelala bila kitu. Waliofaulu na kuacha watoto ni wale waliokamata kila nafasi ilipotokea. Hivyo silika ya kuwinda na hamu ya kula zikawa kama mashine mbili zinazofanya kazi kwa jirani lakini kila moja ina ufunguo wake.

Je, hawawezi kuzoeana?

Hapa msomaji mwangalifu atatoa hoja yake. Atasema amewahi kumwona paka aliyelala pamoja na vifaranga, au amesikia habari za paka na kasuku wasiogombana. Hoja hiyo ni ya haki, na sayansi imeichunguza.

Mwaka 1930 mtafiti wa Kichina, Zing-Yang Kuo, alitangaza matokeo ya jaribio ambalo mpaka leo linafaa kufundishwa darasani. Aliwalea watoto wa paka katika hali tatu. Kundi la kwanza lilikuwa na watoto 21 waliokua wakiona panya wakiuawa. Kati yao 18 wakawa wauaji wa panya, yaani asilimia 86 hivi. Kundi la pili lilikuwa na watoto 20 waliolelewa peke yao bila kuona uwindaji. Kati yao 9 wakawa wauaji, yaani asilimia 45. Kundi la tatu lilikuwa na watoto 18 waliolelewa pamoja na panya tangu utotoni. Kati yao 3 tu ndio waliokuja kuua panya, yaani asilimia 17 hivi, nao waliwaua panya wageni, si wale waliokua nao.

Jaribio hili linatufundisha mambo matatu. La kwanza ni kwamba malezi yana nguvu kubwa; silika si chuma kisichopindika. La pili ni kwamba hata bila kufundishwa na mtu yeyote, karibu nusu ya paka waliolelewa upweke waliua. La tatu, ambalo ndilo lenye maana zaidi kwetu, ni kwamba amani ilipatikana kwa wenzi waliokua pamoja, wala haikuwaenea panya wote wa duniani. Sasa tulinganishe na nyumba yetu ya Muleba. Paka wake ni mtu mzima, amefunzwa na mama yake, na kila wiki husifiwa kwa kuleta panya mlangoni. Ndege anayeletwa ni mgeni. Nyumba hiyo ni kundi la kwanza la Kuo, si la tatu. Mwenye kuona paka na ndege waliopatana amewaona wale waliofaulu. Walioshindwa hawakubaki ili wahesabiwe.

Tundu huzuia nini?

Tuseme basi kwamba tundu ni imara, limetundikwa juu, na paka hawezi kulifikia. Ndege yu salama kwa jino na kucha. Je, yu salama kabisa?

Ndege anapomwona adui, ubongo wake hutoa amri kwa tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni katika damu. Moyo, ambao kwa ndege mdogo hupiga mara mamia kadha kwa dakika hata akiwa ametulia, huongeza mwendo. Sukari hupelekwa kwenye misuli ya mabawa, na usagaji wa chakula hupunguzwa. Mpango huu ni mzuri sana kwa ndege aliye huru. Anaruka, anatua juu ya mti, na baada ya dakika chache mwili wake unarudi katika hali ya kawaida. Ni mpango wa dharura.

Ndege wa tunduni hupata amri ile ile ya kuruka, lakini hana pa kwenda. Adui haondoki, amekaa chini, macho juu, saa mbili nzima. Kesho atakaa tena. Dharura hugeuka kuwa maisha ya kila siku. Homoni iitwayo kotikosteroni, ikiendelea kuwa nyingi katika damu kwa muda mrefu, hudhoofisha kinga ya mwili, hupunguza ulaji na huzuia uzazi. Kasuku walio katika dhiki ya namna hii mara nyingi hujing'oa manyoya yao wenyewe mpaka ngozi ionekane.

Je, tunajua kweli kwamba hofu peke yake, bila jino, hudhuru? Ndiyo. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Liana Zanette walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa ndege wadogo aina ya shomoro katika visiwa vya British Columbia, Kanada. Waliviwekea viota nyavu na nyua za umeme ili adui asiweze kabisa kuvifikia. Kisha wakapiga sauti zilizorekodiwa: kwa ndege wengine sauti za maadui, na kwa wengine sauti za wanyama wasio na madhara. Hakuna adui aliyefika kwenye viota hivyo. Hata hivyo, ndege waliosikia sauti za maadui walilea watoto pungufu kwa asilimia 40 kuliko wenzao. Walitaga mayai machache zaidi, na makinda wengi zaidi walikufa kwa sababu wazazi waliogopa kwenda na kurudi na chakula.

Ndugu msomaji, fikiri tena juu ya nyavu zile. Ndizo tundu letu. Ziliwalinda ndege wale na kila jino, wala hazikuwalinda na hofu.

Jaribio la pili lilifanywa karibu na mji wa Sheffield, Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013. Watafiti waliweka paka aliyekaushwa karibu na viota vya ndege kwa dakika 15 tu, kisha wakamwondoa. Ili kulinganisha, waliweka pia sungura aliyekaushwa, ambaye si adui wa ndege. Baada ya kumwona paka, wazazi walipunguza chakula walichopeleka kwa makinda kwa theluthi moja hivi, ingawa paka alikuwa amekwisha kuondolewa. Dakika 15 za paka asiye na uhai zilitosha. Paka wa nyumbani kwetu ana uhai, naye haondolewi.

Jeraha dogo lisiloonekana

Tundu nalo halizuii kila jino. Kasuku hushika nyaya kwa vidole vyake, na chiriku hujirusha ubavuni anaposhtuka. Kucha moja ya paka ikipita katikati ya nyaya inatosha. Mwenye nyumba hukimbia, humfukuza paka, humtazama ndege na kuona tone dogo tu la damu. Hushukuru kwamba ndege ameponea chupuchupu. Kesho yake, au kesho kutwa, humkuta amekufa chini ya tundu.

Sababu yake ni kwamba kinywani mwa paka wengi mnaishi bakteria waitwao Pasteurella multocida, ambao humdhuru paka mwenyewe kidogo tu au wasimdhuru kabisa. Meno ya paka ni membamba na makali kama sindano. Hupenya ndani, na tundu lake juu ya ngozi hujifunga upesi na kuwafungia bakteria ndani. Katika mwili wa ndege bakteria hao huenea katika damu kwa muda mfupi. Kwa hiyo ndege yeyote aliyeguswa na jino la paka ahesabiwe kuwa mgonjwa wa haraka, apelekwe kwa mganga wa mifugo siku ile ile, hata kama jeraha halionekani. Hakuna dawa ya kienyeji ya kungojea.

Ndege mwenyewe hutoka wapi?

Mpaka hapa tumemzungumzia ndege kama kwamba alizaliwa ndani ya tundu. Yafaa tuulize alikotoka, hasa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, maana huyu ndiye anayetamaniwa kupita wote.

Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Magharibi ya Kenya na kaskazini-magharibi ya Tanzania ndiyo ukingo wa mashariki wa makazi yake. Kwa hiyo mkoa wa Kagera una bahati ambayo mikoa mingi ya nchi yetu haina. Msitu wa Minziro, ulio kaskazini-magharibi ya mji wa Bukoba katika mpaka wa Uganda, ni kipande cha msitu wa namna ya Kongo kilichoingia Tanzania, na ndani yake wamo ndege wengi wasioonekana mahali pengine popote nchini.

Kasuku huyu ana akili nyingi. Mmoja wao aitwaye Alex alifundishwa na mwanasayansi Irene Pepperberg wa Marekani kuanzia mwaka 1977 mpaka alipokufa mwaka 2007. Alijua maneno zaidi ya mia moja, rangi kadha, na hesabu ndogo. Lakini akili hiyo haikuumbwa kwa ajili ya kutuchekesha sebuleni. Kasuku huishi kwa makundi, na sauti ndiyo kamba inayolifunga kundi. Anapoiga maneno ya watu, anajaribu kuyafanya yale yale aliyokuwa akiyafanya porini: kujiunga na kundi. Katika nyumba yenye paka, mmoja wa kundi hilo ni adui yake.

Kisha tupige hesabu. Kasuku wa kijivu akitunzwa vema aweza kuishi miaka 40 hadi 60. Paka huishi miaka 12 hadi 18 hivi. Kasuku wa miaka 50 atakutana na paka watatu au wanne, mmoja baada ya mwingine, nasi hatuwezi kuwaahidia tabia zao. Mwanafunzi wa miaka 15 anayemnunua leo atakuwa na miaka 65 siku ya kumzika.

Bei ya tamaa hiyo hulipwa pia msituni. Kasuku hutaga mayai machache katika mashimo ya miti mikubwa, na hukawia miaka kadha kabla ya kuanza kuzaa. Makinda wakichukuliwa, pengo halizibiki upesi. Nchini Ghana, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kasuku hao walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Mwaka huo huo wa 2016 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ujulikanao kwa jina la CITES, zilikutana Johannesburg zikakubaliana kumweka kasuku wa kijivu katika orodha ya kwanza, yaani ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa hairuhusiwi wakitoka porini.

Historia ya nchi yetu nayo ina somo. Cherero wa Fischer, kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa, asili yake ni nchi zilizo kusini na kusini-mashariki ya Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi mno duniani, na mwaka 1992 Tanzania ikasimamisha biashara hiyo. Leo, kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mtu haruhusiwi kumkamata mnyamapori, ndege akiwamo, bila kibali. Ulimbo wa mtoto na kikapu cha mchuuzi haviko nje ya sheria hiyo.

Paka na ndege walio huru

Yawezekana msomaji akasema: "Basi nitawaacha ndege kibanjani, nitawatazama huko." Hilo ndilo shauri letu pia. Hata hivyo paka naye hutoka nje. Mwaka 2013 wataalamu nchini Marekani walikadiria kwamba paka huua kati ya ndege bilioni 1.3 na bilioni 4.0 kila mwaka katika nchi hiyo, na wengi wa wauaji hao ni paka wasio na wenyewe.

Visiwani hatari huwa kubwa zaidi. Katika kisiwa kidogo cha Stephens, New Zealand, ambapo mnara wa taa ulianza kufanya kazi mwaka 1894, paka waliletwa na kuzaana. Kisiwani humo aliishi ndege mdogo asiyeweza kuruka, asiyejulikana na sayansi mpaka mwaka huo. Muda mfupi baadaye akatoweka kabisa. Hadithi maarufu husema kwamba paka mmoja wa mlinzi wa taa ndiye aliyemmaliza. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba walikuwa paka wengi. Wavuvi wetu wa Bumbire, Goziba na visiwa vingine vya Muleba huwa na paka kwa ajili ya panya, na kwa haki. Ila wasiwaache paka hao kuzaana ovyo na kugeuka kuwa wa mwituni.

Yapo mambo mepesi yanayosaidia. Paka afungiwe ndani alfajiri na jioni, maana hizo ndizo saa ambazo silika yake huwa kali na ndege huwa wengi chini wakitafuta chakula. Bakuli la maji ya ndege liwekwe juu ya nguzo, mbali na vichaka vya kuvizia. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36, na wale waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza kwa asilimia 25. Kwetu kando ya Ziwa, dagaa ni protini isiyo ghali. Na mchezo wa kamba na unyoya hauna gharama yoyote.

Na yule ambaye tayari ana paka na ndege afanyeje? Amweke ndege katika chumba chenye mlango unaofungwa, ambamo hatamwona paka wala kumsikia akikwaruza. Akiwa ni ndege wa porini, asimwachilie ovyo, kwa maana ndege aliyezoea kulishwa huenda asiweze kujitafutia. Aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya kuomba shauri. Inajulikana kwamba mwaka 2000 kasuku wa kijivu waliokamatwa katika biashara haramu waliachiliwa katika kisiwa cha Rubondo, kusini mwa visiwa vya Muleba. Lakini kazi ya namna hiyo huongozwa na wataalamu.

Jaribio kwa wanafunzi

Walimu wa baiolojia waweza kuipima hofu ya ndege bila kumdhuru yeyote. Wekeni bakuli la maji juu ya nguzo katika bustani ya shule, mliache kwa wiki mbili ili ndege walizoee. Kisha tengenezeni kwa majani makavu ya mgomba mfano wa paka aliyeketi, wenye masikio na macho, na furushi lingine la majani yale yale lenye ukubwa ule ule lakini lisilo na umbo la mnyama. Furushi hilo ndilo kipimo cha kulinganishia.

Saa 1 asubuhi hesabuni mara ngapi ndege wanatua bakulini kwa dakika 15 bila kitu chochote karibu. Siku inayofuata wekeni furushi hatua tano kutoka bakulini. Siku ya tatu wekeni mfano wa paka mahali pale pale. Rudieni mzunguko huo mara nne au zaidi, andikeni hesabu katika jedwali pamoja na hali ya hewa, kisha tafuteni wastani wa kila hali. Msiweke mfano huo karibu na kiota, wala msiuache kupita dakika hizo 15. Jiulizeni: je, ndege waliogopa umbo la paka, au waliogopa kitu chochote kipya? Ndege wa aina gani walirudi kwanza? Kwa nini hesabu ya siku moja haitoshi?

Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Katika jambo hili methali hiyo yahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu tamaa huwa yetu na mauti huwa ya ndege. Mwenye paka amekwisha kuchagua mwenzi wake wa nyumbani, na uchaguzi huo ni mwema. Panya wa ghalani ni mashahidi. Amtunze vema paka wake, na ndege awaachie mshambya na mtoma. Huko watamwimbia bure, nao wakimwona paka watakuwa na pa kurukia.